Maswali Yenu ya Sheria: Adhabu ya Mahakama ya Shirikisho ya Marekani Inapingwaje?

SWALI

Bwana Wakili, ninakusalimu pamoja na wote mnaoandika gazeti hili. Mtoto wangu wa kwanza anaishi Texas, nchini Marekani, tangu miaka mingi. Siku 9 zilizopita jaji wa mahakama ya shirikisho alimhukumu kifungo cha miezi 87 kwa kosa la kula njama ya kuwalaghai watu fedha kwa njia ya intaneti. Alikiri kosa, na mimi mama yake siwaandikii kusema kwamba hakukosa. Lakini kijana aliyemwingiza katika mambo hayo amepewa miezi 30, na mwanangu ndiye aliyeandikwa kuwa msimamizi wa wenzake, jambo ambalo analikana hadi leo. Baba zake wadogo wanataka sisi na mchungaji wetu tuwaandikie barua majaji wa rufaa. Kuna pia mtu wa hapa mjini anayetuomba fedha, akidai kwamba anawajua watu wanaoweza kuzungumza na majaji hao. Je, adhabu hii ni ya haki? Na tukikata rufaa, hawatamwongezea miaka?

Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU

Mama, pokea pole zetu. Barua yako ilipotufikia tulikupigia simu siku ileile, kwa sababu katika jambo hili siku ni chache mno na gazeti halitoki kila siku. Haya tunayoyaandika sasa ni maelezo kamili, kwako na kwa familia nyingine za mji huu zilizo na watoto katika magereza ya ng'ambo.

Mshtakiwa aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho ya Marekani ana siku 14 za kuwasilisha taarifa ya rufaa, zikihesabiwa tangu hukumu ilipoingizwa rasmi katika daftari la mahakama. Kwetu Kongo muda huo ni siku 10, kwa hiyo wazo la kuharakisha si geni kwa mtu aliyewahi kufuatilia kesi hapa Lubumbashi. Taarifa hiyo haiandikwi kwa ufundi mkubwa: ni karatasi fupi inayosema nani anakata rufaa, dhidi ya hukumu ipi, na kwenda mahakama ipi. Huwasilishwa katika mahakama ileile iliyotoa adhabu, na mshtakiwa akimwomba karani wa mahakama hiyo, karani anapaswa kuiandaa na kuiingiza mara moja. Aliye gerezani akiitia katika mfumo wa barua wa gereza kabla ya siku ya mwisho kwisha, huhesabiwa kuwa amewahi. Jaji anaweza kuongeza hadi siku 30 nyingine ikiwa kuna sababu nzuri au uzembe unaosameheka, lakini tafadhali msiliweke tumaini lenu hapo. Ndiyo maana tulikuambia kwenye simu kwamba mwanao amwambie wakili wake kwa maandishi, leo si kesho, kwamba anataka rufaa ikatwe. Wakili akishaambiwa hivyo waziwazi, hana ruhusa ya kunyamaza.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, la kama adhabu ni ya haki. Hapa ni lazima uelewe tofauti moja kubwa kati ya rufaa yetu na ya kwao. Katika Mahakama ya Rufaa ya hapa kesi inaweza kufunguliwa upya: mshtakiwa anasikilizwa, mashahidi wanaweza kuitwa, na majaji wanaweza kupanga adhabu yao wenyewe wakizingatia sababu za kumpunguzia. Marekani sivyo. Rufaa za Texas husikilizwa na mahakama ya mzunguko wa 5 yenye makao yake New Orleans, ambayo hupokea pia rufaa za Louisiana na Mississippi, na kazi hiyo hufanywa na jopo la majaji 3 wanaosoma kumbukumbu za yaliyosemwa na kuandikwa katika mahakama ya chini. Hawamwiti mwanao, hawasikilizi shahidi mpya, na hawajiulizi wangempa miezi mingapi kama wangekuwa wao. Wanauliza mambo mawili: je, jaji alifuata njia halali hadi kufikia miezi 87? Na je, miezi hiyo, ikipimwa na mambo yote ya kesi, iko ndani ya mipaka ambayo jaji mwenye busara angeweza kuichagua?

Swali la kwanza ndilo lenye nguvu, na kwa maelezo yako ndilo ambalo mwanao anaweza kuwa na hoja ya kweli. Kila adhabu ya shirikisho huanzia kwenye mwongozo wa adhabu. Huo una jedwali lenye ngazi 43 za uzito wa kosa upande mmoja, na makundi 6 ya historia ya uhalifu wa mtu upande mwingine; palipo na makutano ya ngazi na kundi ndipo panapopatikana idadi ya miezi. Kwa mtu asiye na rekodi ya uhalifu, ngazi ya 27 ni miezi 70 hadi 87. Mwanao amepewa kilele cha ngazi hiyo. Katika makosa ya ulaghai ngazi hupanda kwa sababu ya kiasi cha hasara, idadi ya waliodhulumiwa na mambo mengine kama hayo, na mtu akihesabiwa kuwa msimamizi katika kazi iliyohusisha watu 5 au zaidi huongezewa ngazi 3. Ziondoe ngazi hizo 3 na tunafika ngazi ya 24, ambayo ni miezi 51 hadi 63. Tena, tangu Novemba 2023 kuna punguzo la ngazi 2 kwa mtu asiye na alama yoyote ya uhalifu wa zamani, akitimiza masharti kadhaa, na mojawapo ya masharti hayo ni kwamba asiwe ameongezewa ngazi kwa ajili ya uongozi au usimamizi. Akilipata punguzo hilo pia, tunashuka hadi ngazi ya 22, yaani miezi 41 hadi 51. Kwa hiyo neno hilo moja, msimamizi, linaweza kuwa limebeba miaka mitatu ya maisha ya mwanao.

Je, lilithibitishwa? Afisa wa uangalizi wa mahakama huandika ripoti kuhusu mshtakiwa kabla ya adhabu, na ripoti hiyo ni lazima imfikie mshtakiwa na wakili wake angalau siku 35 kabla ya siku ya kuhukumiwa. Kisha wana siku 14 za kuandika pingamizi. Mwulize wakili kama pingamizi kuhusu usimamizi liliandikwa, na kama jaji alilijibu. Likiwa liliandikwa, majaji wa New Orleans wataangalia kama jaji alikosea waziwazi katika kuamua mambo yaliyotendeka, na kama alitafsiri sheria vibaya watalipima kosa hilo upya bila kumwegemea. Likiwa halikuandikwa, mlango unakuwa mwembamba zaidi: itabidi ionyeshwe kwamba kosa lilikuwa dhahiri, kwamba liliathiri haki zake, na kwamba kuliacha kungechafua uadilifu wa mahakama. Mlango huo mwembamba haujafungwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Rosales-Mireles, hatia moja ya zamani ilikuwa imehesabiwa mara mbili, na hesabu hiyo ikapandisha kiwango kutoka miezi 70 hadi 87 kuwa miezi 77 hadi 96. Hakuna aliyepinga wakati ule. Mshtakiwa akapewa miezi 78, ambayo ingeweza kutolewa hata kwa hesabu sahihi. Hata hivyo Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba kosa la hesabu kama hilo, kwa kawaida, linapaswa kurekebishwa, kwa sababu siku za mtu gerezani si jambo dogo.

Kuhusu yule kijana wa miezi 30, ninafahamu uchungu wako, lakini sitakudanganya: hoja hiyo peke yake ni dhaifu. Sheria inamtaka jaji aepuke tofauti zisizo na msingi kati ya watu wenye rekodi zinazofanana waliofanya makosa yanayofanana, ila mahakama nyingi huchukulia kwamba jambo linalotakiwa ni ulinganifu wa nchi nzima, si usawa kati ya washtakiwa wawili wa kesi moja. Zaidi ya hapo, mtu aliyewasaidia waendesha mashtaka kwa kutoa habari za wenzake huombewa punguzo na serikali yenyewe. Kama ndivyo ilivyokuwa kwa kijana huyo, hataonekana kuwa mtu wa kulinganishwa na mwanao. Hoja hiyo inafaa kuwekwa chini ya ile ya usimamizi: kwamba aliyeanzisha mpango hakuitwa kiongozi, ilhali aliyefuata akaitwa msimamizi.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni hati ya makubaliano ya kukiri kosa. Hati hizo mara nyingi huwa na kifungu ambacho mshtakiwa anaachia haki yake ya kukata rufaa, na mahakama hukiheshimu kifungu hicho ikiwa alikiri kwa kuelewa na kwa hiari yake. Ombeni nakala mkaisome mstari kwa mstari. Kuna makubaliano yanayoachia haki yote, na mengine yanayoacha nafasi ya kupinga hesabu ya ngazi. Hata palipo na kifungu kikali zaidi, mambo fulani hubaki, kama vile adhabu iliyopita kiwango cha juu cha sheria, ambacho kwa kosa hili ni miaka 20. Na mwaka 2019, katika kesi ya Garza, Mahakama Kuu iliamua kwamba wakili aliyeagizwa kukata rufaa anapaswa kuikata hata kama mteja wake aliweka saini kwenye kifungu hicho.

Barua za familia na za mchungaji msizitupe, ila msizipeleke New Orleans, kwani majaji wa rufaa hawapokei kitu ambacho hakikuwa mbele ya jaji wa kwanza. Mahali pa barua hizo ni kwa wakili, kabla ya siku ya kuhukumiwa. Mwanao akishinda na kesi ikarudishwa kwa jaji apange adhabu upya, barua zitakuwa na kazi tena, pamoja na vyeti vya masomo na mwenendo wake wa gerezani, kwa sababu tangu kesi ya Pepper ya mwaka 2011 jaji anayepanga adhabu upya anaruhusiwa kuzingatia jinsi mfungwa alivyojirekebisha. Mwambie aanze sasa.

Yule anayeomba fedha ili majaji waongeleshwe, mfungieni mlango. Hakuna karatasi, simu wala mtu wa hapa Lubumbashi anayeweza kuwafikia majaji hao kwa njia hiyo, na familia ambayo tayari inaumia haipaswi kunyang'anywa hata kidogo ilichonacho. Mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili wa rufaa na mahakama bila malipo, kwa sheria ya mwaka 1964.

Kuhusu kuongezewa: mahakama ya rufaa haiwezi kumpandishia adhabu kwa hiari yake, ikiwa serikali haikukata rufaa yake yenyewe. Hilo liliamuliwa mwaka 2008 katika kesi ya Greenlaw, ambapo majaji wa rufaa walikuwa wameongeza miaka 15 bila serikali kuomba, na ongezeko hilo likafutwa. Serikali nayo ina haki ya kukata rufaa, ila inahitaji kibali cha viongozi wa juu wa wizara ya sheria. Hata hivyo kesi ikirudishwa kwa jaji, baadhi ya mambo yanaweza kufunguliwa tena, na kama makubaliano yana masharti, upande wa mashtaka unaweza kusema yamevunjwa. Kwa hiyo mwanao azungumze na wakili wake kwa uwazi kuhusu hatari hizo, kisha aamue mwenyewe. Rufaa ni yake, Mama. Si ya baba zake wadogo.

Tena mjue mapema: rufaa haisimamishi kifungo, na kuachiliwa kwa masharti kabla ya muda kama tunavyokujua hapa hakupo tena katika mfumo wa shirikisho. Anachoweza kupata kwa mwenendo mzuri ni punguzo la hadi siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu. Na ikiwa hana uraia wa Marekani, kupunguziwa miezi hakutamwondolea hatari ya kurudishwa Kongo, kwa sababu katika makosa ya ulaghai hatari hiyo hutegemea hasara iliyozidi dola 10,000, si urefu wa kifungo. Kama wakili hakumweleza jambo hilo kabla ya kukiri, hilo ni dai tofauti, nalo lina njia yake.

SWALI

Ndugu Wakili, ninasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kama Wamarekani wana jedwali la adhabu, kwa nini jaji asifungwe nalo tu, na mahakama ya rufaa ikabaki na kazi ya kuhakikisha kwamba limefuatwa?

Mwanafunzi, Kampemba

JIBU

Ndivyo ilivyokuwa kwa muda. Sheria ya mwaka 1984 iliunda tume ya adhabu, na mwongozo wake ukaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1987, kwa sababu kabla yake jaji alikuwa na uhuru mpana mno na mtu hakuwa na njia ya maana ya kupinga urefu wa kifungo chake. Kwa miaka 17 na kitu jedwali lilimfunga jaji. Kisha, Januari 2005, katika kesi ya Booker, Mahakama Kuu iliona kwamba mwongozo wa lazima, ambao jaji peke yake alipandisha ngazi kwa mambo yasiyothibitishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia), ulivunja haki ya mshtakiwa ya kusikilizwa na baraza hilo. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuufanya mwongozo uwe wa ushauri, na majaji wa rufaa wakapewa kipimo cha kuuliza kama adhabu ni ya busara.

Maana ya kipimo hicho ilionekana Desemba 2007 katika kesi ya Gall. Gall mwenyewe, akiwa kijana mwanafunzi wa chuo kikuu cha Iowa, alijiunga na kundi la kuuza dawa za kulevya, akajitoa mwenyewe baada ya miezi michache, akamaliza masomo na kuanzisha kazi halali ya ujenzi. Alishtakiwa miaka kadhaa baadaye. Mwongozo ulitaka miezi 30 hadi 37 gerezani. Jaji akampa miezi 36 ya uangalizi bila gereza. Mahakama ya rufaa ilitengua, ikidai kwamba adhabu iliyo mbali hivyo na mwongozo inahitaji sababu zisizo za kawaida. Mahakama Kuu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikairudisha adhabu ya jaji wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona mshtakiwa, akamsikiliza na kueleza sababu zake. Siku ileile, katika kesi ya Kimbrough, iliruhusu jaji kukataa uwiano wa 100 kwa 1, ambao gramu 1 ya kokeini ya mawe ilihesabiwa kama gramu 100 za ile ya unga, na hivyo wauzaji wa mawe wakaadhibiwa vikali kuliko wale wa unga. Bunge lenyewe liliupunguza uwiano huo hadi 18 kwa 1 mwaka 2010.

Mimi ninaheshimu uamuzi wa Gall kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mwaka 2007 pia, katika kesi ya Rita, mahakama za rufaa ziliruhusiwa kuichukulia adhabu iliyo ndani ya mwongozo kuwa ni ya busara hadi kinyume kionyeshwe, na mahakama ya New Orleans ni mojawapo ya zinazofanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepewa kilele cha ngazi sahihi, hata kama maisha yake yote yalikuwa yakidai kiwango cha chini, huambiwa kwa sentensi mbili tatu kwamba jaji hakuvuka mpaka. Sheria yenyewe inaagiza adhabu itoshe bila kuzidi kinachohitajika. Kwa maoni yangu, agizo hilo linastahili majaji wa rufaa wanaolisoma kwa uzito uleule wanaousomea mwongozo, na wewe unayejiandaa kuwa wakili ujizoeze kulitaja katika kila ombi la adhabu. Tangu mwaka 2020, katika kesi ya Holguin-Hernandez, mshtakiwa aliyeomba wazi kifungo kifupi zaidi kuliko alichopewa anahesabiwa kuwa amehifadhi hoja yake ya rufaa, hata kama hakuirudia baada ya adhabu kutamkwa.

SWALI

Mdogo wangu alihukumiwa na mahakama ya shirikisho ya Marekani miezi 8 iliyopita. Alimwomba wakili wake akate rufaa, na wakili akasema haina faida, hakukata. Je, mambo yamekwisha?

Yaya yake, Ruashi

JIBU

Yaya, hayajaisha, ila muda unakwenda. Ikiwa mdogo wako aliagiza waziwazi rufaa ikatwe na wakili hakutii, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2000, katika kesi ya Flores-Ortega, kwamba huo ni uwakilishi mbovu, na mfungwa hatakiwi kuonyesha kwamba rufaa hiyo ingeshinda. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba aliiagiza. Dai hilo hupelekwa kwa mahakama iliyomhukumu, kwa ombi maalumu la kupinga hukumu, na muda wake wa kawaida ni mwaka 1 tangu hukumu ilipokuwa ya mwisho. Kwa asiyekata rufaa, hukumu huwa ya mwisho zile siku 14 zinapokwisha. Kwa hesabu yako amebakiwa na miezi 4 na siku kadhaa.

Dai likikubaliwa, kwa kawaida hupewa nafasi ya kukata rufaa aliyoikosa. Awe mwangalifu aweke madai yake yote katika ombi la kwanza, kwa sababu la pili huhitaji kibali cha mahakama ya rufaa, na kibali hicho hupatikana kwa nadra. Kwa kuwa hana haki ya moja kwa moja ya kupewa wakili katika hatua hii, amwombe jaji amteulie mmoja, na asingoje jibu ndipo aanze kuandika. Wewe ukiwa Ruashi unaweza kumsaidia kwa jambo moja kubwa: tafuta katika simu yako ujumbe wowote alioutuma wakati ule akieleza kwamba alimwagiza wakili, utunze ukiwa na tarehe zake, andika kwa mkono wako unachokumbuka na siku uliyoambiwa, utie saini, kisha mpelekee nakala na wewe ubaki na asili.